Waliuliza mvua, hawakuuliza mto: kisa cha safari ya Amazoni mwezi wa kumi

Picha ndo ilianzisha yote. Mtumbwi mwembamba, mtu mmoja amekaa mbele na kasia lake, miti imesimama ndani ya maji meusi yametulia kama kioo mpaka hujui jani lipi ni jani na lipi ni kivuli chake. Jamaa yangu mmoja, sio wa damu ila tumezoeana toka shule mpaka tunaitana ndugu, alinitumia usiku na chini kaandika "mimi na shemeji yako tunataka HAPA". Mimi ndo mtu wa kuulizwa mambo ya safari kwenye kundi letu, sijui nani alinipa hicho cheo, nikaperuzi dakika kumi nikamjibu kwa kujiamini kabisa: hapo ni mto Rio Negro, Brazili, juu ya mji wa Manaus, nendeni Oktoba, ni kiangazi.

Wakaenda Oktoba. Oktoba ya 2023. Aliyefuatilia habari za Amazoni mwaka ule hapo ameshashika kichwa.

Nakiandika hiki kisa kwa urefu kwasababu kila nikikisimulia watu wanarukia jibu moja tu, "aah ule mwaka wa ukame, bahati mbaya". Hata ndugu yangu mwenyewe aliniambia hivohivo, nadhani alikuwa ananionea huruma. Mi nabisha. Ukame uliwaharibia sehemu ya safari, sikatai, ila kile walichokifuata wasingekipata Oktoba hata mwaka ungekuwa mzuri namna gani, na hilo kosa halikuwa la anga, lilikuwa langu.

Kwanza walichokikuta.

Walitua Manaus katikati ya mwezi na kitu cha kwanza kilikuwa moshi. Sio ukungu, moshi. Mwaka ule watu walichoma mashamba na vichaka kandokando huko, mvua ya kuuosha hakuna, mji mzima ukafunikwa siku kadhaa mpaka hali ya hewa yake ikatajwa kati ya zile mbaya kabisa duniani. Shemeji ana kifua, siku mbili za mwanzo alizimalizia hotelini na barakoa, madirisha yamefungwa, anaangalia jua jekundu kama embe bivu. Siku ya tatu wakachukua gari kwenda Novo Airão, mji mdogo kando ya Rio Negro, na hapa nijipongeze kidogo, niliwachagulia mahali panapofikika kwa barabara, kwasababu wenzao waliokuwa wamepanga kwenda kwa boti sehemu za ndani zaidi kuna walioambiwa boti haipiti, warudi tu.

Mbele ya Novo Airão kuna Anavilhanas, hifadhi ya taifa yenye visiwa kama 400 katikati ya mto, vimelala virefurefu kama majani ya nyasi, na msitu wa vile visiwa ndo ule wa kwenye picha, unaosimama majini. Wenyeji wanauita igapó. Loji yao ilikuwa na ngazi za mbao zinazoshuka toka ukumbi wa kulia chakula hadi mtoni. Kwenye tovuti ya loji, picha ya hizo ngazi inaonyesha vipandio vitano halafu maji, boti imefungwa hapo, safi. Wao walishuka, ndugu yangu akawa anahesabu, akafika arobaini na kitu, ngazi zikaisha, zikaanza mbao zilizolazwa juu ya tope, mbao zikaisha, ndo wakaifikia boti.

Siku iliyofuata wakamwonyesha mwongozaji wao ile picha kwenye simu. Kijana wa palepale. Akaiangalia, akacheka kidogo, akasema hapa napajua, twendeni. Wakaenda kwa miguu.

Hebu pata picha, wanatembea chini ya ule msitu wa kwenye picha, majani makavu yanalia kila hatua, udongo umepasuka, mizizi iko nje kama vidole, jua linapenya. Kijana akasimama kwenye mti mmoja akanyoosha mkono juu, juu kabisa, bado hafiki, akachukua kasia akanyoosha na kasia, bado. Pale juu kwenye gome kulikuwa na mstari. Chini ya mstari gome jeusi, juu ya mstari gome la kawaida. Na kwenye matawi, juu ya vichwa vyao, kulikuwa kumeganda mabonge mepesi ya kijivu kama sponji iliyokauka, na ni sponji kweli, mnyama wa majini, wanaita cauixi, anakua kwenye matawi maji yakiwepo halafu maji yakiondoka anabaki ananing'inia hewani, ukimgusa unawashwa siku nzima (shemeji alimgusa). Kijana akawaambia, huo mtumbwi kwenye picha yenu ulikuwa unapita pale. Juu pale. Nyie mko chini ya mto.

Hiyo ndo sentensi iliyonifanya nikae nianze kusoma vizuri, na aibu nikiwa nayo.

Nilichokosea ni hiki. Niliangalia mvua. Ukitafuta msimu mzuri wa kwenda msitu wa mvua, kila mahali utaambiwa habari ya mvua, miezi hii inanyesha, miezi hii ni mikavu, basi nenda mikavu. Kwa sehemu nyingi sio ushauri mbaya. Lakini Amazoni ya kati kuna kalenda mbili na haziendi pamoja: ya mvua inayonyesha hapo, na ya mto kujaa na kupwa. Mvua ya Manaus inakuwa nyingi kuanzia Desemba mpaka Mei, kilele Machi na Aprili, halafu inapungua, na miezi mikavu ni Julai, Agosti na Septemba. Mto wenyewe unafika kilele Juni hivi, na unafika chini kabisa Oktoba au Novemba. Yaani Oktoba mvua kwa kawaida ndo inaanza kurudirudi, ila mto ndo uko sakafuni. Kwa mtu anayetaka kupiga kasia katikati ya miti, nimemchagulia mwezi ambao mvua haina nafuu kubwa na maji hakuna. Ningetaka kumkomoa nisingeweza kuchagua vizuri zaidi.

Kwanini mto uchelewe hivo? Kwasababu maji yanayopita Manaus sio ya Manaus. Solimões, ambayo ndo Amazoni yenyewe kabla haijakutana na Negro, inaleta maji toka milima ya Andes kule Peru, na Negro inaleta toka upande wa Kolombia na Venezuela ambako mvua inakolea katikati ya mwaka. Yote hayo yanasafiri mwendo mrefu kwenye ardhi ambayo haina mteremko wa maana, Manaus iko zaidi ya kilomita 1,000 toka baharini na bado haiko juu sana ya usawa wa bahari, kwahiyo maji hayakimbii, yanajikusanya. Halafu kuna hili ambalo mi nililipenda: Solimões ikiwa imejaa inaiziba Negro mlangoni, pale zinapokutana. Negro haina pa kutokea haraka, inarudi nyuma, inapanda, inaingia msituni. Ule msitu uliofurika kwenye picha umefurika kwa sehemu kwasababu mto mwingine kabisa umekaa mlangoni.

Na tofauti yake sio ya kulowa magoti. Kwa kawaida kati ya kujaa na kupwa pale Manaus kuna kama mita 10, hiyo ni nyumba ya ghorofa tatu, kila mwaka. Bandarini kuna kipimo kinachosomwa toka mwaka 1902. Juni 2021 kilisoma mita 30.02, rekodi ya juu. Oktoba 2023, hawa watu wangu wakiwa hukohuko, kikashuka mpaka mita 12.70, chini kuliko wakati wowote kabla ya hapo. (Rekodi haikudumu, Oktoba 2024 ilishuka zaidi.)

Sasa hapa ndo pa kubishania. Mita 12.70 ni ukame, hakuna ubishi. El Niño, ile hali ya bahari ya Pasifiki kupata joto, ilishatangazwa rasmi mwezi wa 6 mwaka ule, bahari ya Atlantiki ya kaskazini nayo ilikuwa na joto lisilo la kawaida, vyote viwili vinajulikana kunyima mvua Amazoni. Kule Ziwa Tefé, magharibi ya Manaus, maji yalipanda joto mpaka kupita nyuzi 39 mwishoni mwa Septemba na pomboo zaidi ya 100 wakafa. Kuna siku mto Manaus ulikuwa unashuka karibu sentimita 30 kwa siku moja. Moshi, boti kukwama, zile ngazi kuisha kabla ya maji, hayo mtwishe ukame. Lakini toa ukame. Chukua Oktoba ya kawaida kabisa, kipimo kinasoma kama mita 17 au 18. Juni ya kawaida kinasoma 27, 28. Bado una pengo la mita 10. Ule mstari kwenye mti bado uko juu ya kichwa, cauixi bado ananing'inia hewani, na wewe bado unatembea kwa miguu mahali ulipolipia mtumbwi. Ngazi zingekuwa fupi kidogo, basi.

Nikajiuliza ushauri wa Oktoba niliutoa wapi, maana sikuuota. Nikarudi kwenye zile kurasa nilizosoma. Nusu yake zilikuwa za wavuvi! Rio Negro, hasa juu kule Barcelos, ni sehemu maarufu ya watu wanaokuja kuvua tucunaré kwa mchezo, samaki mmoja mkali mwenye doa kama jicho mkiani, na wao msimu wao ni maji yakipwa, toka Septemba hivi kuendelea, kwasababu maji yakijaa samaki wanatawanyika msituni hawapatikani, yakipwa wanabanana kwenye vidimbwi na mikondo iliyobaki. Kwa mvuvi Oktoba ni sikukuu. Mi nikachukua "msimu bora" wa mvuvi nikampa mtu wa mtumbwi na picha. Hakuna aliyenidanganya, sikusoma tu nani anaongea.

Na kampuni ya safari waliyopitia, siitaji jina, nayo iliulizwa "Oktoba hali ya hewa ni nzuri?" ikajibu ndio, jua, hakuna mvua nyingi. Ukweli mtupu. Walijibu walichoulizwa. Walipaswa kuuliza "mnataka kufanya nini?", nawalaumu kwa hilo, ila kidogo, kwasababu hata sisi hatukusema.

Kuna na mtego wa maneno. Watu wa Amazoni ya Brazili wanaita miezi ya mvua inverno, kipupwe, na miezi mikavu wanaita verão, kiangazi, wakati Manaus iko kusini ya ikweta na kwa kalenda ya kusini ilitakiwa iwe kinyume. Kwahiyo ukiuliza kwa majina ya majira unaweza kupata jibu sahihi la swali ambalo hukuuliza. Majina yanayosaidia ni ya mto, na wanayo manne: enchente mto unapanda, cheia umejaa, vazante unashuka, seca umepwa. Ukimwandikia mtu wa loji "tarehe 5 Julai mto utakuwa cheia au vazante, na mtumbwi unaingia igapó?" anakujibu kwa mstari mmoja na anajua anaongea na mtu aliyejiandaa.

Ila nisiwe mtu wa upande mmoja, kwasababu hata ndugu yangu hasemi safari ilikuwa hasara. Maji yakipwa Anavilhanas inatoa fukwe, mchanga mweupe kabisa, mirefu, katikati ya mto mweusi. Shemeji, ambaye msitu wenyewe ulishaanza kumchosha na kuwashwa juu, aliupenda ule mchanga kuliko kitu chochote. Walishinda huko siku nzima, maji ya Negro ni kama chai kwa rangi na yana asidi, mbu hawazaliani sana, wakaogelea bila kupigana na mbu kama walivyokuwa wameogopa. Wanyama wa majini wamebanana, pomboo wa pinki wanaonekana karibukaribu, mamba wadogo usiku macho yanang'aa kila upande ukimulika tochi. Na wakiwa wanarudi Manaus wakapelekwa Lajes, karibu na pale mito miwili inapokutana, kuona nyuso za watu zilizochongwa kwenye mawe, wanasema zina miaka 1,000 mpaka 2,000, ambazo ziko chini ya maji siku zote, zilionekana kwenye ukame wa 2010 halafu zikaonekana tena hiyo 2023. Ndugu yangu ana picha yake amechuchumaa pembeni ya uso mmoja, mduara na macho mawili na mdomo. Hiyo huipati Juni. Hiyo huipati hata Oktoba ya kawaida.

Ndo maana siwezi kusema Oktoba ni mbaya. Angekuja mtu akaniambia nataka mchanga, nataka kuvua, nataka kutembea kwa miguu sehemu ambazo kwa kawaida ni mto, ningemwambia Oktoba bila kusita, na Alter do Chão kwenye mto Tapajós ningemwongezea, kule watu wanafuata fukwe tu, ukienda Mei unakuta vibanda vya ufukweni vimezama. Lakini hawa walinitumia picha. Picha ilikuwa na jibu lote ndani yake, mashina hayaonekani, maji yamegusa matawi, hiyo ni cheia au mwanzo wa vazante. Nilitakiwa niiangalie picha kabla ya kuangalia mvua.

Kwa picha ile dirisha ni jembamba na ni zuri: katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai. Mto uko juu au ndo kwanza unaanza kushuka, na mvua imeshapungua. Aprili na Mei maji yapo ila utalowa, ingawa na hilo watu wanalikuza, mara nyingi inapiga mvua kubwa saa moja au mbili halafu jua, sio kwamba unakaa wiki umejikunyata chini ya turubai. Agosti unabahatisha, mwaka mwingine mtumbwi unapita, mwaka mwingine unakwaruza. Upande mwingine wa mzani ni kwamba maji yakijaa matembezi ya miguu yanapungua, unabaki na sehemu za juu zisizofurika, na samaki huoni, ila nyani na slothi, yule mnyama wa mitini anayekwenda polepole, unawaona vizuri maana mtumbwi umekunyanyua mpaka dirishani kwao.

Na msiichukue Julai mkaipeleka kila mahali, maana ntakuwa nimerudia kosa lilelile kwa mkono mwingine. Iquitos kule Peru ni Amazoni hiyohiyo lakini iko karibu zaidi na Andes, mto wake unajaa mapema, Aprili na Mei, ikifika Agosti umeshakwenda chini. Mto Kongo ndo kabisa, unavuka ikweta mara mbili, upande mmoja ukikauka mwingine unanyesha, kwahiyo pale Kinshasa unajaa mara mbili kwa mwaka, Desemba ndo kwa nguvu, halafu Mei kidogo. Kila mto una tabia zake na lazima umuulize mwenyewe.

Kuuliza sio kazi siku hizi. Kipimo cha Manaus kinawekwa wazi kila siku, na huduma ya jiolojia ya Brazili inatoa taarifa za mito ya Amazoni mara kwa mara, na mwezi wa 3, 4 na 5 inatoa makadirio kwamba mwaka huu mto utafika wapi. Mtu anayetaka kwenda Julai anaweza kujua mapema kama maji yatakuwa ya kutosha. Ukisikia El Niño imetangazwa, rudisha tarehe zako nyuma kuelekea Juni, usisubiri mwisho wa Julai.

Walirudi. Sikuwashawishi, ndugu yangu ndo alikuwa na kinyongo na ile picha. Wiki ya kwanza ya Julai 2024, loji ileile, mwongozaji yuleyule. Mto mwaka ule haukujaa kama kawaida, ukame ulikuwa bado unaudai, lakini ulikuwa umeingia msituni vizuri. Ngazi zilikuwa na vipandio kumi na moja juu ya maji, alihesabu tena. Saa kumi na mbili asubuhi wakaingia igapó na mtumbwi, kijana akazima injini, wakabaki na kasia, matawi yanagusa mabega, cauixi yuko chini ya maji amelowa anakua, shemeji mikono amekunja mapajani hagusi kitu. Mstari kwenye ule mti walioutembelea ulikuwa unafikika kwa mkono, umekaa.

Ndugu yangu alipiga picha yake. Haifanani na ile ya mwanzo, imetikisika kidogo na kuna kichwa cha mtu. Ameiweka kwenye simu kama picha ya mbele.

Mchana shemeji akamuuliza kijana, haya sasa tupeleke kwenye ule mchanga wetu tukaogelee. Kijana akapeleka boti dakika ishirini, akaisimamisha katikati ya mto, maji meusi pande zote, hakuna kitu.

"Tumefika," akasema. "Uko hapa chini."

Shemeji akainama kuchungulia. Kisha akanipigia mimi simu, toka hukohuko, kuniuliza kwanini sikuwaambia.